Sura Yangu, Sauti ya Deo

Juzi, kwenye kundi la simu la tuliosoma pamoja, aliyekuwa kiranja wetu aliweka picha ya Mwalimu Aidani akiwa na ile kofia yake, akaandika kwamba mwalimu wetu ametangulia, na kwamba kila mmoja aandike kumbukumbu moja nzuri, fupi, itakayosomwa siku ya mazishi. Watu wakaanza kumimina. Mwalimu alitufumbua macho. Mwalimu alikuwa baba. Mwalimu ndiye aliyesimamia filamu yetu, ile ya mwanamke wa ng'ambo ya mto, na hapo mmoja akaongeza: "Filo, wewe ndiye uliyekuwa staa, hebu tuandikie." Nilikuwa jikoni, nimeinjika wali, na nilisimama na simu mkononi mpaka wali ukaungua. Najua marehemu hasemwi vibaya. Nimefundishwa hivyo tangu utoto na nimenyamaza kwenye misiba ya watu wabaya kuliko yeye. Lakini staa! Miaka zaidi ya ishirini imepita na neno hilo bado linanichemsha damu, kwa hiyo nimekaa kuandika, na haitakuwa fupi.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho chuoni, hapa Mtwara, enzi ambazo kamera bado zilitumia kanda. Nilipanga chumba Ufukoni kwa Bi Somoe, mjane mnene mwenye sauti ya kusikika nyumba ya nne, ambaye uani kwake alikuwa na banda la video. Chumba changu na banda viligawana ukuta, hivyo nilisoma, nikala na nikapumzika huku risasi za watu wengine zikilia sikioni. Kulikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilofunga sawasawa na bati kuukuu lililotoboka; ikifika saa sita mchana jua lilipenya kwenye matundu yale na kudondoka sakafuni madoa madoa, na ukikaa vizuri nusu ya uso wako inaonekana na nusu inapotea. Siku nzuri tulikula ugali wa muhogo kwa pweza wa nazi, siku nyingine ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, ya kuchemsha na pilipili. Bi Somoe hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini filamu zote za kigeni alizitafsiri mwenyewe, papo hapo, amekaa kwenye kigoda kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi. Alichotafsiri ni alichotaka yeye. Kila mwanamke aliyeitwa mbaya kwenye filamu alipata mtetezi kwa Bi Somoe: ana watoto kwao, kadhulumiwa urithi, mwacheni.

Mwalimu Aidani, aliyetufundisha filamu, alikuwa ametokea mikoa ya juu na kusomea Ulaya, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa zile filamu ambazo Wafaransa waliziita filamu nyeusi. Alitueleza kanuni zake kwa namna ambayo hata leo naweza kuzitaja nikiwa usingizini: hakuna rangi, ni usiku, mvua inanyesha, mpelelezi amevaa koti refu na kofia, moshi umetanda, na yupo mwanamke mzuri anayetabasamu ambaye mwishoni anagundulika kuwa ndiye chanzo cha maangamizi yote. Na juu ya yote hayo inasikika sauti ya mwanaume, imechoka, inatusimulia tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilizipenda filamu zile, lazima niseme. Nilipenda kwamba polisi ndani yake ni wachafu, tajiri ni mwizi na hakuna anayeokolewa na mtu. Siku moja niliazima kanda moja kwa Mwalimu nikampelekea Bi Somoe, akaiweka mchana. Dakika ya kwanza tu kijana mmoja akapiga kelele, "Bi Somoe, rangi imekata!" na mwingine akanyanyuka kwenda kuipiga televisheni kofi. Wengine wakauliza yule bwana anavaa koti la nini, ana homa? Bi Somoe akawanyamazisha. Mwanamke wa kwenye filamu alipotokea mlangoni na sigara yake, Bi Somoe akasema kwenye kipaza sauti, "Msimtazame hivyo. Huyu mwenye koti ndiye aliyemchukulia nyumba ya marehemu mumewe, sasa anajifanya anampeleleza." Banda zima likamgeukia yule mpelelezi kwa matusi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaona kitu ambacho darasani hakuna aliyekisema: katika filamu zile mwanamke yule hasimulii hata siku moja. Anasimuliwa.

Nikaandika mchezo wangu, wa filamu ya mwaka wa mwisho, kwa wiki mbili. Karani wa bandari kafa maji, anakuja mpelelezi, mji mzima unamnyooshea kidole Zulmira, mwanamke aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, mto wa mpakani. Nilitumia kila kanuni ya Mwalimu na nikazipindua mbili. Ya kwanza, msimulizi ni Zulmira mwenyewe, na mwishoni tunajua kwamba mpelelezi ndiye aliyekula njama na karani, kisha akamuua. Ya pili, hakuna usiku. Kila kitu kinatokea kwenye jua kali la hapa, na giza linatengenezwa na vitu vyetu: tundu la bati, ua wa makuti, mlango ulioachwa wazi kidogo. Mwalimu aliusoma mbele ya darasa akiwa amekunja uso.

"Filomena, filamu nyeusi ni usiku."

"Mwalimu, watu wa hapa hawaibiwi usiku. Wanaibiwa saa nne asubuhi, ofisini, kwa mhuri."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka, lakini alikuwa na macho ya kuona kitu kizuri, hilo simnyimi, na akaupitisha. Akasema Deo ndiye ataongoza na ndiye atakuwa mpelelezi. Deo alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa bandari, familia yao ilitoka Mbeya, kijana mpole, mrefu, mwenye sauti nzuri ya kusomea masomo kanisani. "Na wewe utacheza Zulmira," Mwalimu akaniambia. "Una sura ya ng'ambo kabisa." Alisema kama mtu anayekupa zawadi. Mimi nilizaliwa Mahurunga, upande huu wa mto, mama yangu alizaliwa Mahurunga, na ukoo wetu ulivuka mto kabla hata yeye Mwalimu hajazaliwa. Lakini nikakubali, kwa sababu nilitaka kitu kimoja tu: safari hii mwanamke wa mtoni aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mji mzima umsikie. Kwa hilo ningekubali kuitwa chochote.

Sauti tuliirekodi chumbani kwangu. Bi Somoe alisimamisha filamu ya mapigano katikati, wateja wakalalamika, akawaambia, "Tokeni mkapunge upepo, mwanangu ana kazi." Nilijifunika blanketi gubigubi ili mwangwi usiingie, jasho likinitiririka mpaka kiunoni, nikasoma maneno ya Zulmira. Nilisoma kwa sauti ya kwetu, sikuibana. Nilipotoka ndani ya blanketi Bi Somoe alikuwa amekaa kitandani anafuta macho, akauliza, "Sasa huyo mpelelezi mbwa anafungwa au hafungwi?" Nikamwambia hafungwi. Akanuna siku nzima.

Halafu likaja suala la moshi. Tulikuwa tumepata ghala kuukuu la korosho lenye madirisha ya juu, mwanga unashuka wima, pazuri ajabu. Deo alitaka ukungu, na chuo hakikuwa na mashine yoyote ya ukungu, basi akaona lundo la maganda ya korosho nje na furaha ikamjaa. Mtu aliyekulia huku angekimbia. Nikamwambia, "Deo, maganda hayo yana mafuta yanayobabua. Moshi wake kwetu hata mbuzi hausogelei. Chomeni makuti." Deo akasita, akamtazama Mwalimu. Mwalimu akasema makuti moshi wake mwepesi, hautabaki kwenye picha, na akaniambia, "Filomena, kaa mahali pako, mwanga unakwenda." Wakawasha kwenye nusu pipa. Kisha, ili moshi usitoke, Mwalimu akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Sikuweza kusema mstari hata mmoja. Macho yaliniwaka, koo likaziba, nikawa nalia kwa kelele na kupapasa ukuta, na yeye amejiziba pua kwa leso anapiga kelele, "Usikate! Usikate! Endelea hapo hapo!" Deo ndani ya lile koti la mvua aliloazima kwa mlinzi alivimba midomo, mpiga picha akaacha kamera kwenye miguu yake mitatu akatoka mbio, lakini kamera iliendelea kunitazama. Nilirudi Ufukoni nimeshikwa mkono. Bi Somoe alinipaka mafuta ya nazi usoni siku tatu, akiuliza kila aliyepita, "Nani kawaambia wachome maganda ndani ya nyumba? Hao hawana mama?" Mwalimu alimtuma mtu na kopo la maziwa na salamu kwamba picha zimetoka nzuri sana.

Nikapona, nikasamehe hata, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda. Mchana mmoja nikawachemshia ming'oko nikawapelekea chumba cha kuunganishia picha, chumba pekee chuoni chenye kiyoyozi kilichofanya kazi, ambacho uliacha viatu mlangoni kama msikitini. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikasikia sauti ya Mwalimu kabla sijabisha.

"Lafudhi yake nzito, Deo. Anaongea kama wale wa mtoni. Dar watacheka."

"Lakini Mwalimu, hadithi yote ni yeye anasimulia."

"Hadithi ni ya filamu. Sura yake tunaihitaji, ile sura inabeba. Sauti weka yako, nitakuandikia maneno."

Nikasikia kanda ikirudishwa nyuma.

"Na yale machozi ya ghalani?"

"Yale ndiyo dhahabu. Yaweke baada ya mauaji. Aonekane anajuta."

Nilisubiri Deo akatae. Nilisimama pale na bakuli langu, miguu peku kwenye sakafu ya baridi, nikimsubiri yule kijana mpole aseme haiwezekani, Filo ndiye aliyeandika. Nikasikia kiti kinasogezwa, na Deo akasema, "Sawa, Mwalimu." Deo huyo leo sauti yake inajulikana nchi nzima, anasoma taarifa ya habari, na kwenye kundi letu juzi aliandika kwamba Mwalimu Aidani ndiye aliyempa sauti. Nilipoisoma hiyo niliirusha simu kwenye kapu la nguo chafu.

Nilikwenda kwa Mwalimu kesho yake na nikamwambia nimesikia. Hakuona haya hata kidogo. Alinieleza kwa upole, kama daktari anayemweleza mgonjwa, kwamba mtazamaji anahitaji sauti anayoiamini, na kwamba kanuni huvunjwa na mtu aliyekwisha kuzijua. Nikamuuliza mwisho wangu umebaki? Akasema nisubiri nione, filamu ni kazi ya pamoja. Basi nikasubiri nione. Nilijidanganya kwamba labda wameacha hata mstari mmoja.

Filamu ilionyeshwa saa tisa alasiri, ukumbi wa chuo, mapazia meusi madirishani, mgeni rasmi mbele na maji yake ya chupa. Mama yangu alitoka Mahurunga alfajiri na lori la mpunga, amevaa doti mpya ya kanga, amebeba mchele wa shambani kwake kumpa mwalimu wangu. Ndiyo, alimletea zawadi. Nilimkalisha na Bi Somoe safu ya nne. Taa zikazimwa, nikajiona ukutani, mkubwa, nusu ya uso kwenye jua la tundu la bati, na kwa sekunde chache nikasahau hasira kwa jinsi ilivyopendeza. Kisha Deo akaanza kusema juu ya uso wangu. "Nilipomwona tu nilijua ametoka ng'ambo ya mto. Wanawake wa kule huja mikono mitupu, na huondoka na roho ya mtu." Ukumbi ukaguna kwa raha. Mama alinigeukia.

"Wanakusema wewe?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Mchezo. Mbona uso ni wako?"

Nilikaa nikimtazama Zulmira wangu akifanywa mwongo, mlaghai, muuaji, kila alipofumbua mdomo sauti yake inazimwa na Deo anaingia kumfafanua. Lilipokuja ghala, nikaonekana nalia napapasa ukuta, na sauti ikasema, "Majuto yalimjia akiwa amechelewa," watu wakapiga makofi. Makofi! Kwa macho yangu yaliyobabuka. Hapo ndipo nilipoinuka. Mshereheshaji alikuwa ameacha kipaza sauti mezani, nikakichukua, nikasimama kando ya picha kama ambavyo nilimwona Bi Somoe akifanya kila siku ya Mungu, nikasema, "Ndugu watazamaji, samahani, sauti ya huyu bwana imeharibika. Nitawatafsiria." Watu wakacheka, wakadhani ni sehemu ya onyesho. Nikaendelea. "Hapa Zulmira hajuti. Analia kwa moshi wa maganda ya korosho, na aliyefunga mlango amekaa pale mbele kabisa, ana kofia." Kicheko kikabadilika. Bi Somoe akapiga kelele kutoka safu ya nne, "Sema, mwanangu! Sema!" Wanafunzi wakaanza kugonga viti. Nikawasimulia hadithi niliyoiandika, kwa lafudhi yangu yote, juu ya sauti ya Deo, nikawaonyesha mpelelezi na njama zake, na wakanifuata, naapa wakanifuata, walikuwa wanamzomea mpelelezi kama watu wa bandani. Hazikuzidi dakika tano. Mwalimu Aidani alivuka ukumbi akachomoa waya ukutani, mapazia yakafunguliwa, na mimi nikabaki na kipaza sauti kisicholia.

Ofisini kwake alinipa chaguo: niombe radhi mbele ya wote, mgeni rasmi akiwa bado hajaondoka, au nisahau cheti. Mlango ulikuwa wazi na mama alikuwa kwenye benchi nje, kikapu cha mchele miguuni. "Tulikupa nafasi ambayo wenzako wa huku wangeililia," Mwalimu akasema. Nikamwambia mimi ndiye wa huku. Nikamwambia cheti chake akae nacho. Na ningeondoka, nilishageuka, na sijapata kujisikia mzima namna ile tangu siku hiyo.

Mama aliingia. Alivua kandambili mlangoni, akapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ile, mama yangu ambaye hakuwahi kumpigia magoti diwani wala padri, akakisogeza kikapu mbele ya viatu vya Mwalimu. "Baba, msamehe mtoto," akasema. "Sisi wageni hatujui taratibu za hapa."

Wageni. Kitovu chake kimezikwa Mahurunga. Alilima bonde lile tangu akiwa msichana, alizaa humo, alizika humo. Asubuhi ile aliposhuka kwenye lori hakuwa mgeni, alikuwa mwenye shamba anayemletea mwalimu mchele. Saa moja ya giza na sauti nzuri ya kijana wa kanisani zilitosha, na filamu ile ikawa imemwingia mtu mmoja tu kati ya wote waliokuwa ukumbini, naye ni mama yangu. Nilitaka kumnyanyua akagoma, akanishika pindo la gauni, akaniambia kwa Kimakonde nisimtie aibu kwa wenyewe. Nikaomba radhi. Nilipanda jukwaani nikasema maneno yote waliyotaka niseme, watu wale wale wakanipigia makofi, na Mwalimu akanikumbatia ili picha ipigwe. Mchele aliuchukua.

Watu wa kundi wataniuliza, ndiyo hayo tu? Filamu ya wanafunzi, mambo ya ujana, Filo mbona una kinyongo? Ningekuwa nimeumia peke yangu ningekwisha kusahau. Lakini mama hakurudi kuwa yule wa asubuhi. Kwenye mikutano ya kijiji alianza kukaa nyuma kabisa, karibu na njia. Jirani alipousogeza mpaka wa shamba la mpunga, mama, ambaye zamani angetoka na jembe, alisema tuwaachie wenyewe. Nikimwambia aliyezaliwa hapa ni wa hapa, alikuwa anatabasamu na kubadilisha mazungumzo, aniulize watoto wamekula nini.

Alipougua mara ya mwisho nilikwenda kumuuguza kulekule, kwenye chumba chake chenye magunia ya mpunga hadi darini. Kutoka kitandani, kupitia dirishani, aliyaona makaburi ya baba yake na mama yake, yamefagiliwa. Jioni moja aliniita nisogee karibu kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha.

"Umeshawauliza wenyewe," akasema, "kama watakubali nizikwe hapa?"

"Wenyewe ni sisi, mama."

Akanipapasa mkono taratibu, kama vile mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa.

"Najua mwanangu," akasema. "Lakini nenda kawaulize."